Masihi wa Sange na Pembe ya Shamba la Mama

Mpunga wa mtu aliyelima shamba lake mwenyewe hufanana punje kwa punje. Hilo kila mtoto wa bonde la Ruzizi hulijua kabla hajajua kusoma: jaruba moja hupandwa mbegu ya aina moja, na ukiyamimina mavuno yake katika ungo utaona rangi moja na urefu mmoja. Mpunga uliochanganyika, mfupi na mrefu, wenye ganda jeupe na wenye ganda jekundu, ni wa mtu wa namna moja tu. Ni wa yule apitaye katika mashamba ya wenzake baada ya mavuno, ameinama, akiokoteza masuke yaliyodondoka.

Siku tuliyomzika mama yetu huko Sange, jirani yake alinikabidhi kitambaa alichokutwa nacho mkononi, kimefungwa fundo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakifungua. Ndani mlikuwa na mpunga, konzi moja isiyojaa. Ulikuwa umechanganyika.

Sikuhitaji kuelezwa. Mama aliyekuwa na jaruba zuri kuliko yote kando ya mfereji mkubwa, aliyetulea na kutusomesha kwa jaruba hilo tangu baba alipofariki, alikuwa amekufa akiokoteza. Alianguka juani kwenye ukingo wa shamba la mtu asiyemjua. Miezi yote ile alikuwa akinitumia salamu Uvira kwamba hajambo na kwamba mpunga upo. Sikumlaumu kwa maneno hayo. Yalikuwa heshima yake ya mwisho. Nilimlaumu mtu mwingine, nami nilimjua vizuri.

Mtu huyo alikuwa amekaa darasani kwangu muhula mmoja. Nafundisha Kiebrania cha Maandiko katika shule ya teolojia hapa Uvira, na wanafunzi wa somo hilo ni wachache kiasi kwamba nawakumbuka wote. Yeye alijifunza herufi, akajifunza majina machache, akaondoka kabla hatujafika kwenye vitenzi. Baadaye nilisikia yuko Sange, ana kanisa la shitingi, yale maturubai yanayogawiwa watu baada ya mafuriko, aliyoyaunga moja na jingine hadi yakafunika uwanja. Alishika Sabato. Alijitanda shuka nyeupe yenye milia ya buluu na vishada kwenye ncha. Alihubiri kwamba mto Ruzizi ndio Yordani, kwamba bonde letu ndilo Yuda mpya, na kwamba yeye ndiye Masihi. Hakujiita nabii wa Masihi wala mtumishi wake. Alijiita Masihi mwenyewe, yule ambaye Wayahudi wanamngojea hadi leo.

Ningeweza kumwacha. Nchi yetu ina wengi wanaojivika majina makubwa, na mzee kama mimi hujifunza kupita mbele ya milango yao bila kugeuza shingo. Lakini huyu alifundisha jambo moja ambalo wengine hawakulifundisha. Alisema sheria ya mbegu imekwisha milele. Anayepanda katika siku za Masihi, alisema, anakana kwa mikono yake kile anachokiri kwa kinywa chake, kwa maana mwenye kupanda anatarajia miezi ya njaa, na mwenye kutarajia njaa hajaamini kwamba Mfalme amefika.

Mama alimwamini. Alikuwa ameshaotesha miche yake kitaluni, mizuri, ya kijani kibichi, na wakati wa kuiatika ulipofika aliiacha. Mche wa mpunga haumngojei mtu. Ukipitisha siku zake kitaluni unarefuka, unageuka manjano, na hata ukiuhamishia jarubani hautoi machipukizi. Mama alikaa kwenye kingo za kitalu akiimba huku miche yake ikizeeka. Wenzake walipovuna yeye hakuwa na kitu, na kwa sababu alikuwa mwanamke asiyejua kuomba, alichukua kitambaa akaenda kuokoteza.

Sasa ulikuwa msimu wa pili, na jaruba lilikuwa mikononi mwa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akiishi na mama na aliyemfuata mama katika imani hiyo. Komite ya mfereji, yaani wazee wanaogawa maji, ina desturi isiyoandikwa popote nayo haijawahi kuvunjwa: jaruba likilala kavu msimu mmoja, mwenyewe husamehewa, likilala msimu wa pili, anapewa mtu mwingine, na halirudi. Mdogo wangu alikuwa ameotesha miche kwa mazoea ya mikono tu, kama mtu anayefagia nyumba atakayoihama. Wakati wa kuatika ulikuwa umefika naye hakuwa na nia ya kuingia matopeni.

Nilikwenda Sange kumwona. Alinipikia sombe ya majani ya muhogo na bugali, akakaa mbali kidogo nami kama mtu aliyekwisha kujua atakachoambiwa. Nilimweleza habari za komite. Nilimweleza habari za mpunga uliochanganyika, ingawa aliujua kunishinda. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Yaya,” akaniambia, kama tunavyomwita huku ndugu aliyetangulia kuzaliwa, “weye uko na vitabu. Minye niko na macho. Mama alikufa anasali. Hakukufa anamulaani muntu.”

Nikamwambia kwamba mimi ndiye ninayelaani, kwa niaba yake.

“Utalaani bure. Yeye mwenyewe alishasema: bapadri habawezi kumuhukumu, bapasta habawezi, juu bote ni bamataifa. Bayahudi njo banaweza. Sheria ya Bayahudi peke yake.”

Nilimwomba arudie maneno hayo. Akayarudia. Nikamuuliza kama mtu huyo alikuwa ameyasema mbele ya watu au faraghani. Akasema kila Sabato, mbele ya kila mtu, na kwamba watu huitikia amina. Nadhani aliniona nikitabasamu, kwa sababu alikunja uso.

“Na mimi nikimletea sheria ya Wayahudi?”

“Ulete. Ukimushinda kwa sheria yake, ileile siku minye nitaingia mu matope. Lakini ukishindwa, Yaya, usirudie tena kumutaja mama ukiwa na hasira.”

Tulipatana hivyo. Nilirudi Uvira nikiwa mwepesi kama kijana.

Nyumba yangu iko mtaa wa Mulongwe, karibu na mto, na alama ya mafuriko ingali ukutani kwa kimo cha kiuno. Vitabu vyangu navihifadhi juu karibu na dari, na kila ninapotaka kusoma napanda kigoda. Wiki ile nilipanda na kushuka mara nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu. Sisemi nilisoma kwa utulivu wa mwanachuoni. Nilisoma kama mtu anayenoa panga, akilipitisha kwenye jiwe, akilijaribu kwa kidole gumba, akilirudisha kwenye jiwe.

Miaka ya ujana wangu, ng'ambo, nilifundishwa Kiebrania na mzee wa Kiyahudi, mtu mpole mwenye kikohozi, ambaye siku moja nilimuuliza watu wake wangemtambuaje Masihi akija. Nilitarajia anieleze miujiza. Alicheka. Miujiza, alisema, hata waganga wa Farao waliifanya. Masihi katika imani yao si Mungu wala nusu ya Mungu. Ni mwanadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, mwenye kuisoma sheria na kuishika, mwenye kuwarudisha watu wake kwenye sheria hiyo. Atawakusanya waliotawanyika, ataijenga nyumba ya ibada mahali pake, na mataifa yataacha vita. Akiyafanya hayo, ndiye. Akifa kabla hajayafanya, siye, hata kama alikuwa mwema. Anazikwa kwa heshima kama wafalme wengine, na watu wanaendelea kungoja. Historia yao, aliniambia, imejaa waliodai. Mmoja alishangiliwa na mwanachuoni mkubwa kabisa wa zama zake, kisha akauawa vitani pamoja na umati usiohesabika. Mwingine, karne nyingi baadaye, aliwatikisa Wayahudi wa dunia nzima, wakauza nyumba zao wamfuate, na sultani alipompa chaguo la kufa au kubadili dini, alibadili dini. Kwa hiyo, akasema mzee yule, sisi tumejifunza kuwa wagumu. Wahenga wetu wanasema ukiwa umeshika mche mkononi na ukaambiwa Masihi amefika, upande mche kwanza, halafu ndipo utoke kumpokea.

Nilikuwa nimeyasahau maneno ya mche kwa miaka mingi. Sasa yalinirudia, nami nilisimama juu ya kigoda nikicheka peke yangu.

Hata hivyo maneno ya wahenga ni hekima tu; si hukumu. Nilitaka hukumu. Niliipata katika sheria ya nabii wa uongo. Sheria hiyo ni makini kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa anayedai na bado hajatimiza, inasema: ngojeni mwone. Kwa anayeamuru amri ya Mungu iachwe, inatofautisha. Nabii wa kweli anaweza kuisimamisha amri kwa muda, kwa haja ya saa ile, na watu wamtii. Lakini akisema amri imefutwa milele, hapo hakuna kungoja tena. Ni mwongo hata kama amesimamisha jua. Na miongoni mwa amri ambazo haziwezi kufutwa imo hii: mwenye shamba asivune pembe ya shamba lake, wala asirudi kuokota kilichodondoka, ni haki ya maskini, mjane na mgeni.

Nilifunga kitabu. Asiyepanda hana pembe ya kumwachia mtu. Kufuta mbegu ni kufuta pembe, na mama yangu alikufa akiokoteza kilichodondoka katika mashamba ya watu ambao, kwa bahati, hawakumsikiliza Masihi.

Najua kwamba kwa uhalisi wake sheria ile iliwafunga Wayahudi katika nchi yao, si Wafuliiru wa Sange. Mwanachuoni mwaminifu angelitaja hilo. Lakini ni Masihi huyo aliyelifanya bonde letu kuwa Yuda. Nilimwachia Yuda yake.

Sabato iliyofuata niliingia chini ya shitingi na kuketi nyuma, kitambaa cha mama mfukoni mwa koti. Joto lilikuwa kali na plastiki ilinuka. Wengi walikuwa wanawake, wakulima, wamejitanda vitenge vyao vizuri. Mdogo wangu alikaa upande wa kushoto nami nikamwona akigeuka kunitazama, kisha akatazama mbele. Mhubiri aliniona mara moja. Nadhani alifurahi. Kwa mtu wa namna ile, mwalimu wake wa zamani akiketi kwenye mkeka ni ushahidi. Aliniita kwa heshima, akawaambia watu kwamba hata walimu wa Uvira wanaanza kuja Yordani, akaniuliza kama nina neno.

Nikasimama. Nikasema kwamba nimesikia ameikubali sheria ya Wayahudi pekee kuwa hakimu wake, na kwamba mimi, nisiye Myahudi, nimekuja kama karani tu wa sheria hiyo, niisome. Watu wakaitikia amina, kwa mazoea.

“Soma, Mwalimu,” akasema. “Miye siogopi sheria ya baba yangu Daudi.”

Nilianza pale alipotarajia nisianze. Sikuuliza muujiza wowote, ingawa alikuwa ameandaa mmoja. Kulikuwa na mwanamke mbele aliyekwisha kushika fimbo yake ya kutembelea tayari kuitupa. Niliuliza kuhusu amani. Nikasema Masihi wa Wayahudi anajulikana kwa kuwa vita vimekwisha, nikauliza kwa upole kama vimekwisha. Alianza kueleza amani ya rohoni. Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na nguzo, aliyefika asubuhi ile kutoka Lubarika, akaguna.

“Amani gani?” akasema, si kwa sauti kubwa. “Asubuhi hii kwa bariere nimeacha kuku yangu muzima.”

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha watu wanaojua vizuizi vya barabara, lakini kicheko chini ya shitingi ile kilikuwa kitu kipya. Yeye hakucheka. Alinigeukia na, nakiri, alipiga mahali panapouma.

“Mwalimu, na yule wako? Yule unayemwimbia kila Yenga, Jumapili yenu. Bayahudi bako banamukubali? Vita viliisha alipokuja?”

Hilo ndilo swali ambalo kila Mkristo aliyesoma Kiebrania hulala nalo, na ningeweza kulikwepa kwa Kigiriki. Sikulikwepa. Nikasema hapana, Wayahudi hawamkubali, na kwa vipimo vyao wana sababu: wanasema kazi haijakamilika. Nikasema mimi naamini vinginevyo, na kwamba ninaibeba hoja yao kama jiwe kiatuni, nami sitalitoa kwa kudanganya. Kisha nikasema neno ambalo nilikuwa nimelihifadhi tangu makaburini.

“Lakini yule hakumkataza mama yangu kupanda.”

Watu wa Sange walimjua mama yangu. Nilipeleka mkono mfukoni, nikatoa kitambaa, nikatembea katikati ya mikeka hadi mbele. Nikamwomba anyoshe kiganja. Labda alidhani ni sadaka, alikinyosha. Nikafungua fundo nikamimina. Mimi sikusema ni nini. Wale wanawake walio mbele waliinua shingo, wakaona punje fupi na ndefu, nyeupe na nyekundu, zikiwa zimechanganyika katika kiganja cha Masihi, na sauti iliyotoka kwao siwezi kuiandika. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama pumzi ya watu wengi inayoingia mara moja.

Nikamsomea sheria. Kwanza Kiebrania, taratibu, vitenzi vyote mahali pake, kwa sababu nilitaka asikie alichokikimbia. Kisha Kiswahili: pembe ya shamba, masuke yaliyodondoka, maskini, mjane, mgeni. Nikaeleza tofauti kati ya kusimamisha amri na kuifuta. Nikamuuliza:

“Katazo lako la kupanda ni la muda, au ni la milele?”

Alikuwa amesema milele kila Sabato, nao walikuwa wamemsikia. Angesema milele, ningefunga kitabu na hukumu ingekuwa imekwisha. Alikuwa mjanja wa kutosha kuona shimo hilo. Alitazama mpunga kiganjani, akawatazama wanawake, na kila mmoja wa wanawake wale alikuwa na kitalu chake nyuma ya nyumba kikigeuka manjano.

“Ni ya muda,” akasema.

“Hadi lini?”

Jasho lilimtoka chini ya shuka. Nilimngoja. Mimi si mtu wa haraka.

“Hadi leo,” akasema. “Leo nimeifungua. Mupande.”

Nadhani alidhani amejiokoa. Nikamgeuzia mgongo, nikasema na watu, polepole, ili pasiwe na atakayedai hakusikia. Nikasema: mama yangu alikufa kwa sababu ya katazo lililoweza kwisha siku yoyote, mara tu mtu yeyote angeuliza litakwisha lini.

Yule mama wa Lubarika ndiye aliyesimama kwanza. Alikunja mkeka wake kwapani akatoka. Kisha wengine, mmoja mmoja, kisha wengi. Hawakuwa na hasira. Walikuwa na haraka. Miche haingoji. Walipobaki wachache, vijana wawili watatu wenye mabega mapana waliokuwa wakilinda mlango walinisogelea, na mmoja akaniuliza, macho yakiwa kwa aliyekuwa bwana wake, hiyo sheria ya Wayahudi inasema nabii wa uongo anafanywa nini.

Niliijua adhabu. Nilikuwa nimeisoma wiki nzima, na niliijua ladha yake ulimini. Bonde letu linajua pia jinsi ya kuitekeleza, kwa mawe au kwa mpira wa gari na petroli. Nikamjibu kwamba sheria inampeleka mbele ya baraza kuu la wazee sabini na mmoja, na baraza hilo halipo tena duniani, kwa hiyo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumgusa hata ukosi. Nilisema kweli tupu. Lakini sikusema kwa huruma. Maiti haiokotezi. Mimi nilimtaka hai.

Mdogo wangu alitimiza neno lake, hata kama ilikuwa Sabato. Jua lilikuwa limeanza kushuka alipofunga kitenge juu ya magoti na kuingia jarubani, nami, na suruali yangu ya darasani, nikaingia nyuma yake nikibeba matita ya miche. Miche ilikuwa imepitiliza kidogo, si sana. Aliipanda karibukaribu, kama mama alivyofanya miaka mibaya, ili wingi wa mashina ufidie uchache wa machipukizi. Wazee wa komite walipita kesho yake, wakaona maji na safu za kijani, mmoja wao akagonga ukingo kwa fimbo yake akasema shamba liko na mwenyewe. Jaruba la mama lilibaki kwetu.

Sitasimulia jinsi kanisa lilivyovunjika. Watu walikuja na kuchukua shitingi zao, kila mtu yake, hadi uwanja ukabaki wazi na nguzo zimesimama. Yeye hakuondoka Sange. Nadhani hakuwa na pa kwenda. Hakuwa ameotesha kitalu, kwa kuwa alikuwa akilishwa. Na waliomlisha waliacha.

Mpunga ulipoiva nilirudi kuvuna. Haukuwa mwingi, ulitosha. Kabla hatujaanza kukata nilimwambia mdogo wangu kwamba pembe ya mashariki itaachwa. Nilikwenda mwenyewe nikaipima kwa hatua, nikaiwekea mipaka kwa vijiti vinne, kiasi kile ambacho wahenga wanakitaja kuwa kidogo kabisa kinachokubalika, sikupunguza wala sikuongeza. Alinitazama akashangaa, maana kwetu hatuna desturi ya kuacha pembe, watu huokoteza tu kilichodondoka. Nikamwambia ni sheria niliyoisoma mbele ya watu na siwezi kuisoma bila kuishika.

Yule aliyekuwa Masihi alikuja siku ya pili, kama nilivyojua atakuja. Alikuwa amekonda. Ile shuka ya milia ya buluu hakuwa nayo; alikuwa na fulana na kitambaa mkononi. Alisimama mbali kwenye barabara ya mfereji hadi alipoona hatumfukuzi, kisha akashuka katika pembe na kuinama.

Mdogo wangu aliacha mundu. Alimtazama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atamjazia kapu moja la mpunga, ampe, aende zake, tusione haya ya kumwona vile.

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba sheria ya pembe inamkataza mwenye shamba kumwokotea maskini au kumchagulia; kufanya hivyo kunahesabiwa kuwa wizi kwa maskini wengine. Maskini huokota mwenyewe, kwa mikono yake.

“Yaya,” akasema, “hii sheria leo unaipenda sana.”

Nilileta kiti kutoka nyumbani nikakiweka kwenye ukingo, upande ambao jua halikunipiga machoni, nikakaa. Sikumtukana. Sikumwita jina. Nilimpa haki yake yote, na hakuna hakimu, wa Kiyahudi wala wa Kikristo, angenilaumu kwa punje hata moja. Nilimtazama akiinama na kuinuka, akishika kiuno kama watu wasiozoea, akiondoa matope kwenye masuke, akihama kutoka pembe yetu kwenda kwenye majaruba ya jirani na kurudi. Asubuhi ikapita. Mdogo wangu alikwisha kuvuna safu zake, akachukua mundu wake akarudi nyumbani kupika, bila kuniaga.

Jua lilipokuwa juu, yule mwokotezi alipanda ukingoni kupita. Njia ilikuwa moja, na kiti changu kilikuwa juu yake. Alisimama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

“Mwalimu,” akasema, “nipishe.”

Nikamwambia afungue kitambaa.

Akachuchumaa, akakiweka juu ya ukingo, akafungua fundo kwa vidole vilivyochubuka. Niliinama nikachungulia. Fupi na ndefu, nyeupe na nyekundu. Katikati niliitambua mbegu ya mama.

Nikainuka, nikakisogeza kiti, akapita.